Uliza Podi Kabla ya Kuuliza Chombo

Duka ninalonunua vifaa vyangu vya vepu, yaani sigara ya kielektroniki, liko katikati ya jiji la Mwanza, si mbali na Makoroboi, na kwa ukubwa halizidi kibanda cha wakala wa fedha. Nilipoanza kwenda pale, baada ya miaka 16 ya kuvuta sigara, rafu iliyo nyuma ya muuzaji ilikuwa na chupa za mililita 30 na 60 za juisi inayogeuzwa mvuke, paketi za podi (vikombe vidogo vya kubebea juisi), koili (waya unaoipasha juisi moto) za aina nne au tano, pamba ya kunyonya juisi, na kisanduku kimoja cha waya ambacho sikujua ni cha nini. Leo rafu hiyo hiyo imejaa vepu za kutupa, zinazokuja na juisi ndani na hutupwa ikiisha, zenye rangi za peremende, kuanzia juu hadi chini, na chupa chache zilizobaki zimesogezwa kwenye kona karibu na chaja za simu. Ninamwandikia mtu mzima ambaye tayari ni mvutaji. Asiyevuta hana sababu ya kuingia humu, na mtoto wa chini ya miaka 18 asiuziwe kabisa.

Kwa muda mrefu niliamini kwamba mabadiliko haya yanawaumiza zaidi wale wanaoipenda vepu kama ufundi, yaani wanaosuka koili kwa mikono yao na kubishana kuhusu unene wa waya, kwa kuwa malalamiko yao ndiyo yanayosikika. Baada ya mwaka mzima wa kuhangaika mimi mwenyewe, nimebadili mawazo. Mpenzi wa ufundi amepoteza starehe, ilhali mtumiaji wa kawaida, ambaye anachotaka ni kitu cha kumzuia asiirudie sigara, amepoteza uwezo wa kujua na kuamua ni nikotini kiasi gani inayoingia mwilini mwake.

Rafiki yangu mmoja ni fundi wa taa za wavuvi wa dagaa pale Kirumba, na mambo haya anayapenda kupita kiasi. Mashine yake ni sanduku zito la betri mbili, na juu yake amefunga tanki la kujisukia koili. Duka lilipoacha kuleta waya wa kanthali, ambao ni mchanganyiko wa chuma, kromi na alumini, alilalamika wiki nzima kana kwamba ziwa limekauka. Kisha akaagiza Dar es Salaam rola moja la mita 10, likaja na basi. Koili moja haihitaji waya zaidi ya sentimita 10 au 12 hivi, kwa hiyo rola hilo linatoa koili zaidi ya 70, na koili moja ikisafishwa vizuri na kubadilishiwa pamba hudumu muda mrefu. Alipiga hesabu hiyo mbele yangu akajicheka mwenyewe: malalamiko ya wiki moja, waya wa zaidi ya mwaka. Tanki lake, zaidi ya hayo, hufungwa kwenye mashine kwa hesi za kiwango kimoja zinazojulikana kama 510, ambazo kampuni nyingi zimekuwa zikizitumia kwa zaidi ya muongo mmoja, na kwa sababu hiyo mashine ikifa leo, tanki litakaa juu ya mashine ya kampuni nyingine kesho.

Mimi sikuwa na kinga hiyo. Chombo changu kilikuwa kidogo, cha kuingia mfukoni, chenye podi ya plastiki inayochomekwa juu, na podi ya chombo kama hicho huwa na umbo lake lenyewe ambalo halikubaliani na chombo cha kampuni nyingine, na mara nyingine halikubaliani hata na toleo jipya la kampuni ile ile. Koili imejengwa ndani ya podi, hivyo ikiungua, podi nzima hutupwa. Siku niliyokwenda kununua podi mpya nikaambiwa na dada muuzaji, kwa upole kabisa, "Anko, hizo haziletwi tena, chukua hizi za kutupa, kila mtu sasa anavuta hizi." Chombo changu kilikuwa kizima, betri yake ilikuwa inashika chaji, lakini tangu saa ile kikawa kitu cha kuwekea karatasi zisipeperuke.

Nikachukua ya kutupa. Sikusoma kilichoandikwa kwenye boksi, na hapo ndipo kosa langu lilipoanzia. Juisi niliyokuwa nikitumia ilikuwa na miligramu 6 za nikotini kwa kila mililita, na kwa podi ya mililita 2 hiyo ni miligramu 12 kwa podi nzima. Vepu niliyopewa iliandikwa asilimia 5, maana yake miligramu 50 kwa mililita, nayo ilikuwa na mililita 10 za juisi. Kwa hesabu ya kawaida hizo ni miligramu 500 ndani ya kitu kimoja chenye harufu ya embe. Nikotini ya kawaida kwa kiwango hicho ingekukwaruza koo hadi ukiache chombo chenyewe, lakini vepu hizi hutumia chumvi ya nikotini, yaani nikotini iliyochanganywa na asidi kama ya benzoiki ili ukali ule upungue kooni. Koo halikuonyi tena. Ndani ya miezi miwili nilijikuta ninaivuta kitandani kabla hata ya kunawa uso, jambo ambalo sikuwahi kulifanya hata nilipokuwa na sigara. Jumapili moja jioni ikaniishia, duka limefungwa, nikaenda kwenye kioski cha jirani nikanunua sigara moja ya rejareja, ya kwanza baada ya karibu miaka miwili.

Simlaumu dada muuzaji, kwa kuwa nimewahi kuuza dukani na najua mtaji mdogo unavyofikiri. Mwenye duka anayeuza juisi za chupa akitaka fleva 10, na kila fleva kwa viwango vitatu vya nikotini, tayari ana bidhaa 30 tofauti kabla hajauza hata moja, na juisi iliyokaa sana hubadilika rangi ikawa nyeusi nyeusi, wateja wakaikataa. Akiweka vyombo vitatu vya podi, lazima aweke podi za vyombo vyote vitatu, na kila moja kwa koili za ukinzani tofauti, mathalani omu 0.6, 0.8 na 1.2. Vepu za kutupa zinampa fleva 10 kwa bidhaa 10, hazidai maelezo wala vipuri, na mteja hurudi haraka. Yeyote aliyewahi kulipa kodi ya fremu mjini angefanya vivyo hivyo.

Hata hivyo, kuelewa sababu zake hakumwokoi mnunuzi, kwa hiyo nieleze ninachofanya sasa. Ninapotaka chombo, siulizi kwanza kuhusu chombo. Ninaomba nioneshwe podi zake, nizihesabu kwa macho, na niulize zinapatikana katika maduka mangapi hapa mjini. Chombo kizuri ambacho podi zake ziko paketi mbili tu nakiacha rafuni, na chombo cha kawaida ambacho podi zake nimeziona katika maduka matatu nakichukua, pamoja na podi za akiba za miezi kadhaa siku hiyo hiyo. Sehemu kubwa ya vifaa hivi hutengenezwa Shenzhen, China, na kiwanda hufuata masoko makubwa. Uingereza ilipopiga marufuku uuzaji wa vepu za kutupa kuanzia tarehe 1 Juni 2025, watengenezaji walitoa modeli zinazofanana nazo mno, ila zenye tundu la kuchaji na podi ya kubadilisha. Ukiuziwa modeli ya namna hiyo huku kwetu, usidanganywe na tundu la chaja: uliza kama podi zake zinauzwa peke yake, maana zisipouzwa, umenunua vepu ya kutupa kwa jina jingine. Idadi ya mivuto inayotangazwa kwenye boksi nayo usiitegemee sana, kwani anayevuta kwa sekunde nne hawezi kupata idadi sawa na anayevuta kwa sekunde moja. Soma mililita na miligramu, kisha zidisha.

Kuna mtego mwingine unaotokana na rafu iliyopungua, nao huwanasa watu wa kawaida na wapenzi wa ufundi kwa njia zinazopingana. Chupa zinazobaki dukani mara nyingi ni zile za mashine kubwa, zenye glisirini ya mboga asilimia 70 na nikotini ya miligramu 3. Juisi hiyo ni nzito, haipenyi haraka kwenye vitundu vya podi ndogo, na pamba ikikauka huku koili inawaka unapata ladha ya kuungua, podi imekwisha. Nimeunguza podi mbili kwa namna hiyo kabla ya kujua kwamba podi ndogo inataka juisi iliyo karibu nusu kwa nusu, glisirini na propilini glaikoli, na kwamba ukishaijaza unaiacha dakika 10 kabla ya kuivuta. Kwa upande wa pili, mpenzi wa ufundi aliyekosa juisi yake asithubutu kumimina ile ya miligramu 50 kwenye tanki lake kubwa. Mashine ile hutoa mvuke mwingi mno kwa kila mvuto, na kizunguzungu na kichefuchefu vitamfika kabla hajaiweka chini.

Fundi wangu anasisitiza niandike pia kuhusu betri, na katika hili ninamsikiliza kwa sababu betri ndiyo kazi yake. Duka la vepu lisipoleta betri za 18650, watu huenda kwenye maduka ya tochi na kununua zilizoandikwa 9900. Betri ya umbo hilo, kipenyo milimita 18 na urefu milimita 65, iliyo nzuri huishia karibu na miliampea-saa 3500, kwa hiyo anayeandika 9900 ameshakuambia uongo kabla hujaichaji. Koili ya omu 0.2 kwenye betri iliyojaa volti 4.2 huvuta ampea 21, na hata betri halali za uwezo mkubwa nyingi hazikuundwa kwa mzigo huo. Anayesuka koili bila kujua kugawanya volti kwa omu asisuke. Vepu za kutupa nazo zina betri ya lithiamu ndani, hivyo usizichanganye na takataka mnazochoma uani, wala usizitupe kwenye mitaro, ambayo katikati ya mji huishia Mto Mirongo na hatimaye ziwani tunakochota maji.

Wenzangu wa biashara wanaopita Bukoba kuvuka Mutukula wakumbuke kuacha vepu nyumbani, kwa sababu sheria ya Uganda ya mwaka 2015 ya kudhibiti tumbaku imezuia kuingiza na kuuza sigara za kielektroniki, na mzigo wa akiba ulionunua Mwanza kwa nia njema unaweza kukugombanisha na watu wa forodha.

Kushuka kutoka miligramu 50 kulinichukua muda. Nilikwenda kwanza kwenye 35, kisha 20, kila hatua wiki kadhaa, na sasa nimerudi kwenye 6. Podi nazipata, lakini si kwa bahati. Tulikusanyana watu wanne tunaotumia chombo cha aina moja, tukamwendea dada muuzaji, tukamwambia kwamba akileta podi 20 tutazichukua zote na nusu ya fedha tunalipa sasa hivi. Alizihesabu noti, akasogeza kalamu upande wetu. "Niandikieni jina na omu zake kwenye karatasi," akasema, "maana mkinitajia kwa mdomo nitawaletea za watu wengine." Karatasi hiyo imebandikwa pale kwenye kona, karibu na chaja za simu.