Kumwona ndege mvumaji mwenye mdomo kama upanga

Dada, umeuliza kama asubuhi mbili karibu na Quito, mji mkuu wa Ekuado, zinatosha kumwona yule ndege mvumaji mwenye mdomo mrefu kupita mwili wake ukiacha mkia. Zinatosha kabisa, ila usizimalize kwa kutembea.

Nenda hifadhi ya Yanacocha, kwenye mteremko wa volkano Pichincha. Ni zaidi ya mita 3,000 juu, kwa hiyo panda polepole, vaa sweta na koti la mvua. Fika mapema, kabla ukungu haujafunga.

Ndege huyu ana mzunguko wake: ananyonya ua hili, anaondoka, baadaye anarudi palepale. Basi tafuta maua marefu yanayoning'inia, hasa ya mkarakara mwitu wa rangi ya waridi, au vikopo vya maji ya sukari vinavyotundikwa kwa ajili ya ndege, ukae kimya. Wengi humkosa kwa sababu wanasubiri dakika tano tu wakahama.

Akitua utamjua hata bila darubini: huinua mdomo juu, kama fimbo nyembamba iliyochomekwa hewani. Mtazame anapojisafisha manyoya. Mdomo haufiki kifuani, kwa hiyo anajikuna kwa vidole vya mguu. Mimi hapo ndipo nilipompenda.

Usimfananishe na chozi wetu wa nyumbani. Chozi kwa kawaida hushika tawi anaponyonya. Huyu huelea hewani, na jamii yake yote iko bara la Amerika tu.