Wadogo zangu wa mipango miji, hesabuni magari kwanza

Nyie mnaokuja fildi huku Mtwara, hata begi hamjashusha mtaambiwa mjini paking hakuna. Mimi niliambiwa hivyohivyo nikaiandika kwenye ripoti yangu ya kwanza kama ilivyo, bosi akairudisha, akaniuliza magari mangapi na saa ngapi, sina jibu.

Kesho yake saa moja asubuhi niko karibu na soko na daftari, naandika namba za magari, kila lisaa napita tena mtaa uleule. Hapo ndo nikaelewa. Magari yaliyojaa mbele ya fremu mengi sio ya wateja, ni ya wenye maduka na wafanyakazi wao, dereva bajaji mmoja akanionyesha pikapu nyeupe akasema hiyo kaka nimeikuta na nitaiacha. Mteja anazunguka mara tatu anakosa, na nyuma ya jengo palepale kuna kiwanja cha wazi kina magari manne, kwingine mchanga mtupu. Kwahiyo andikeni namba, msiishie kwenye idadi, idadi inakwambia pamejaa, namba inakwambia kajaza nani.

Halafu msihesabu msimu wa korosho peke yake. Minada ikianza Oktoba mji unabadilika, malori ya maghalani na bandarini, wanunuzi, watu wa vijijini wamepata hela wanakuja kununua bati, sasa ukipanga mji kwa Desemba, ikifika Machi una uwanja mtupu katikati ya mji.

Na ardhi inaliwa kweli. Gari moja ukijumlisha na njia ya kupita na kugeuzia linachukua kama mita za mraba 25 hadi 30, kwahiyo kiwanja cha mita 50 kwa 40 ukibana sana ni magari 80. Hapohapo zingekaa fremu chini na vyumba vya kupanga juu. Hata mji wa Buffalo kule Marekani mwaka 2017 walifuta sharti la kila mjenzi kuweka idadi fulani ya paking, sembuse huku kwetu ambako wengi wanakuja mjini kwa bodaboda, bajaji na miguu.

Ukienda kwa mwenye kiwanja, nenda na daftari. Mzee mmoja nilimfungulia kurasa, akapitisha kidole kwenye namba, akasema hii ya mwanangu, hii ya mpangaji wangu, akanyamaza kidogo, halafu akauliza fremu zingeingia ngapi.