Pesti kwa chipu kuu, pedi kwa kumbukumbu

Ndugu, umeuliza utumie pesti au pedi kwenye RTX 3090, kadi ya michoro ya kompyuta, unayotaka kuifunga bloku ya maji (kipoza joto kinachopitisha maji): huchagui kimoja. Pesti, yaani krimu ya kupitisha joto, ni ya chipu kuu tu, maana bloku inaigusa moja kwa moja. Kwenye kumbukumbu na vidhibiti vya umeme kuna mwanya ambao pesti haiuzibi. Hapo weka pedi, yaani vipande laini vya kupitisha joto. Angalia unene kwanza, sifa za W/mK (kipimo cha kupitisha joto) baadaye. Fuata kijitabu cha bloku, usikisie kwa pedi za zamani. Pedi ikizidi unene hata kwa nusu milimita, bloku inainuka, chipu haiguswi sawasawa na joto linapanda hata maji yakiwa baridi. Na nyuma ya kadi usipasahau: kuna chipu 12 za kumbukumbu huko, na zinachemka kwelikweli!