Rangi za vipepeo zinatoka wapi

Mdogo wangu, umeuliza kama ule unga unaobaki vidoleni ukimshika kipepeo ndiyo rangi yake. Ndiyo. Ni magamba madogo mno, yamepangana juu ya bawa kama vigae. Nyeusi na kahawia ni rangi iliyomo ndani ya gamba. Buluu ya kumetameta mara nyingi ni umbo la gamba linavyorudisha mwanga.

Faida yake? Kutafutana, kujificha, na kuonya. Hapa Kigoma mtazame yule wa rangi ya chungwa mwenye ncha nyeusi zenye mabaka meupe. Akiwa kiwavi hula mimea yenye utomvu wa sumu, ndege akimwonja humtema. Na ajabu kubwa zaidi: kuna aina nyingine isiyo na sumu, na majike wake wamemwiga sura hiyohiyo!