Maswali ya Wasomaji: Je, Kuna Land Cruiser Iliyo Juu ya ZX?

SWALI: Ndugu Mwandishi, mimi ni mfanyabiashara wa nafaka jijini Mwanza, na kwa miaka mitatu nimekuwa nikiweka akiba ili ninunue Land Cruiser 300. Juzi muuzaji mmoja alinitumia picha kwa simu, akaniambia kwamba Toyota inakaribia kutoa daraja jipya la kifahari (yaani toleo lenye kiwango chake cha vifaa na bei) lililo juu ya daraja la ZX, lenye viti vinne tu, viti vya nyuma vikiwa vinalala na vina egemeo la miguu. Anataka nitoe arbuni mapema ili niwe miongoni mwa watu wa kwanza kulipata. Je, habari hizi ni za kweli, na je, ningoje? — Msomaji, Mwanza.

JIBU: Ndugu msomaji, nakuomba kwa dhati usitoe arbuni hiyo. Maelezo uliyoandika yanafanana mno na gari ambalo tayari lipo, nalo halina nembo ya Toyota. Oktoba 2021, miezi michache baada ya Land Cruiser 300 kuzinduliwa, Lexus, chapa ya kifahari ya Toyota, ilionyesha LX 600, gari lililojengwa juu ya msingi uleule uitwao GA-F na lenye injini ileile ya petroli ya lita 3.5 yenye turbo mbili. Miongoni mwa madaraja yake liko moja ambalo nchini Japani huitwa Executive: lina viti vinne, kiti cha nyuma hulala hadi nyuzi 48, na kiti cha mbele cha abiria husogea mbele ili aliye nyuma anyooshe miguu. Itazame tena picha uliyotumiwa, hasa grili ya mbele. Ikiwa ni grili kubwa ya Lexus iliyobanwa katikati mfano wa pia ya kusokotea uzi, basi umeonyeshwa gari jingine kwa jina lisilo lake.

Kama grili ni ya Toyota kweli, bado uko uwezekano mwingine ambao wauzaji huupitia kimya. Katika nchi za Ghuba, na hasa Dubai, ziko karakana zinazonunua Land Cruiser ya kawaida, zikang'oa viti vya nyuma vyote na kufunga viwili vikubwa vya ngozi, pazia, jokofu dogo na taa za darini, kisha zikabandika jina lao ubavuni mwa gari. Kazi hiyo mara nyingi huwa nzuri, nami simlaumu anayeipenda. Hata hivyo, kiti kilichofungwa na karakana hakikupimwa na kiwanda pamoja na mikanda na mifuko ya hewa ya gari hilo, na siku kitakapoharibika hutapata kipuri chake kwa wakala wa Toyota wa Dar es Salaam wala wa Nairobi.

Sasa nije kwenye kiini cha swali lako, yaani iwapo Toyota yenyewe inaweza kupanda juu ya ZX. Gari hili lilipoanza kuuzwa Japani mwezi Agosti 2021 lilikuwa na madaraja matano: GX, AX, VX, ZX na GR Sport. Bei ilianzia yeni milioni 5.1 kwa GX na kufikia milioni 8.0 kwa GR Sport ya dizeli, ilhali ZX ya petroli iliuzwa yeni milioni 7.3. Linganisha na LX 600, ambayo bei yake ya kuanzia ilikuwa yeni milioni 12.5, na Executive yake yeni milioni 18. Nafasi hiyo pana kati ya ZX na Lexus ndiyo inayowafanya watu wengi waamini kwamba lazima liwepo daraja la kuijaza. Mimi nionavyo, nafasi hiyo imeachwa kwa makusudi, kwa sababu Toyota na Lexus ni watoto wa nyumba moja, na kiwanda hakina faida ya kumnyang'anya mmoja mteja wa mwenzake. Anayetaka kulala safarini huelekezwa Lexus. Anayetaka kupita kwenye mawe na tope huelekezwa GR Sport, yenye uwezo wa kufunga difu ya mbele na ya nyuma (magurudumu ya kushoto na kulia yazunguke pamoja), rimu za inchi 18 badala ya zile za inchi 20 za ZX, na neno TOYOTA lililoandikwa kwa herufi kamili kwenye grili.

Naeleza haya kwa urefu kwa sababu tetesi za gari hili zina historia. Kabla ya uzinduzi wa mwaka 2021 zilivuma mbili zenye nguvu: kwamba litakuja na daraja la GR Sport, na kwamba litakuja na injini ya mseto wa petroli na umeme. Ya kwanza ilitimia siku ileile ya uzinduzi. Ya pili ilibidi ingojwe miaka; kwa Australia, kwa mfano, mseto huo ulitangazwa mwaka 2025, tena kwa madaraja mawili ya juu tu, GR Sport na Sahara ZX. Aliyeahirisha ununuzi mwaka 2021 kwa sababu ya tetesi hiyo ya pili alikaa muda mrefu bila gari, na mfumo wenyewe ulipofika haukuletwa kwa kila soko.

Hata jambo lililothibitishwa laweza kuchukua muda mrefu kukufikia. Mwanzoni mwa mwaka 2022 Toyota iliwatangazia wateja wa Japani kwamba anayeagiza Land Cruiser 300 wakati huo angeweza kungoja hadi miaka minne, na kabla ya hapo wanunuzi wa huko walikuwa wakitakiwa kutia sahihi ahadi ya kutoliuza gari ndani ya mwaka mmoja. Ikiwa Mjapani aliye jirani na kiwanda alingoja hivyo, sioni ni kwa njia gani muuzaji wa yadi angekupatia wewe nafasi ya mwanzo kwa daraja ambalo kiwanda hakijalitaja. Mwombe akupe namba ya chasisi. Gari lisilo na chasisi halina cha kuwekewa arbuni.

Kuhusu kungoja, ushauri wangu ni kwamba usingoje. Ikiwa safari zako ni za kwenda mashambani kununua nafaka na kurudi mjini, VX itakutosha, na tofauti ya bei itakufaa zaidi kwenye matairi na huduma. Ukumbuke pia kwamba kodi za kuingiza gari hukokotolewa kwa asilimia ya thamani, tena moja hupandishwa juu ya nyingine, kwa hiyo kila yeni unayoongeza kwa ajili ya daraja utailipia mara ya pili bandarini.

SWALI: Kwetu watu husema "VX" au "V8" wakimaanisha gari lolote kubwa la Toyota. Je, hayo ni madaraja au ni majina ya gari? — Msomaji, Dodoma.

JIBU: VX ni daraja, na herufi hizo zilizoeleka sana kwetu tangu enzi za Land Cruiser 80, iliyoingia sokoni mwaka 1990, hadi zikawa jina la shangingi lenyewe. V8 ni umbo la injini yenye silinda nane, kama ile ya Land Cruiser 200. Land Cruiser 300 haina V8 kabisa. Injini zake za petroli lita 3.5 na dizeli lita 3.3 zote ni V6. Ukiuziwa "300 V8", muuzaji halijui gari lake.

SWALI: Ndugu yangu aliyeko Muscat ananishauri ninunue VXR kutoka huko, akisema inashinda ZX ya Japani. Nipo Mombasa. — Msomaji, Mombasa.

JIBU: Ndugu yako anakutakia mema, lakini VXR ni jina la daraja la soko la Ghuba, na magari ya huko yana usukani wa kushoto, ambao Kenya haiusajili kwa gari la kawaida la mtu binafsi. Gari kama hilo lingemfaa zaidi jamaa aliye Bujumbura au Goma, ambako huendeshwa upande wa kulia wa barabara. Wewe tafuta ZX au VX ya Japani yenye usukani wa kulia, na uangalie mwaka wa usajili wa kwanza, kwa kuwa Kenya hairuhusu gari lililotumika lenye zaidi ya miaka minane. Hata 300 za mwanzo kabisa, za mwaka 2021, bado zitaweza kuingia hadi mwisho wa 2028, kwa hiyo una muda wa kutosha wa kuisoma karatasi ya mnada, inayoeleza hali ya gari, kwa utulivu kabla ya kutuma fedha.