Kupima moshi wa gari mara moja kwa mwaka hakutoshi

Mkuu, umeuliza kama magari yakipimwa moshi kila mwaka hewa ya mjini itapona. Mimi ni fundi injini hapa Dar, na kwa ninayoyaona gereji, haitapona.

Chukua lori la dizeli lenye pampu ya zamani, ile inayosukuma dizeli kwenye injini. Ukaguzi ukikaribia mwenye lori anakuja: "Fundi, nipunguzie pampu." Skrubu inazungushwa kidogo, mafuta yanapungua, moshi mweusi unakata. Lori linapita. Baada ya siku chache linarudi, mlimani halivuti, pampu inafunguliwa tena. Kipimo chenyewe hakina ubaya: injini ikishapata moto unakanyaga mafuta hadi mwisho, mashine inasoma moshi unavyoziba mwanga. Shida ni kwamba mwenye gari anaijua siku.

Petroli ndiyo inanitisha zaidi, maana moshi wake hauonekani. Ndani ya ekzosi kuna masega, yaani kauri yenye vitundu inayosafisha moshi. Yana madini ghali, platinamu, paladiamu na rodiamu, kwa hiyo wanunuzi hawakosekani. Ekzosi inakatwa kwa grainda, kauri hiyo ya kijivu inagongwa kwa nondo mpaka imwagikie kwenye kiroba, halafu ganda tupu linachomelewa palepale. Mkaguzi akichungulia na tochi anaona kila kitu kipo. Atakayemuumbua mwenye gari ni mashine ya kupima gesi tu, kwa sababu kaboni monoksidi, gesi ya sumu, itapanda.

Wala si mambo ya gereji za uswahilini peke yake. Mwaka 2015 Marekani iliibana Volkswagen: programu ya magari yao ya dizeli ilikuwa inatambua gari linapimwa na kupunguza uchafu, kumbe barabarani oksidi za nitrojeni zilifika hadi mara 40 ya kiwango kinachoruhusiwa. Waliofumbua jambo ni watafiti wa Chuo Kikuu cha West Virginia, waliofunga vipimo kwenye gari likiwa linatembea.

Kwa hiyo mashine za kupima moshi zipelekwe barabarani, bila taarifa, hasa kwenye vilima ambako lori linaonyesha hali yake halisi. Na wanunuzi wa masega wasajiliwe, kila sega liandikwe limetoka gari namba ngapi. Msiseme haiwezekani. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ilianza kuweka vinasaba, yaani kemikali ya kutambulisha mafuta halali, kwenye mafuta mwaka 2010, na leo kituo kinachochakachua kinanaswa kwa sampuli iliyochukuliwa pampuni. Tuwafuate wauza masega kwa ukali huohuo.