Usimimine huo mvinyo kwenye unga!

Weka chupa chini kwanza, mkuu. Unasema unatoa maziwa kwenye biskuti uweke nusu kikombe cha mvinyo mwekundu, halafu unauliza ununue mvinyo gani na biskuti zitakaa siku ngapi. Mimi nilifanya hivyohivyo, nikatupa trei mbili nzima. Siagi yote ile!

Mvinyo sehemu kubwa ni maji, zaidi ya asilimia 80. Maji yakikutana na unga wa ngano nawe ukaukanda, unavutika kama wa mkate. Donge langu lilinata vidoleni, nikaongeza unga, likanata tena, nikaongeza tena. Zikatoka ngumu kama vigae, na ladha ya mvinyo hata ya kutafuta kwa tochi hakuna. Rangi ndiyo iliniuma zaidi. Nilitarajia waridi, nikafungua oveni nikakuta kijivu cha majivu, kwa sababu niliweka beking soda. Rangi ya mvinyo mwekundu ikikutana na soda hugeuka samawati-kijivu.

Yote haya nilifundishwa na mtu kwenye video: "Mimina tu, moto utamaliza kazi." Moto upi? Biskuti inakaa ovenini dakika 12! Kuna watu wanaonyesha mapishi ambayo hawajawahi kuyatia mdomoni, na wanaopata hasara ni sisi.

Mvinyo unakaushwa KWANZA. Chukua vikombe 2, tia kwenye sufuria pana isiyo ya alumini (asidi huila alumini), moto mdogo, bila kifuniko. Usiondoke, hasa mwishoni, maana hapo unaungua ukigeuka tu. Mapovu yatakuwa makubwa na mazito, na ukipitisha mwiko utaona sakafu ya sufuria, njia ikijifunga polepole. Vimebaki kama vijiko vikubwa 3? Epua. Uache upoe kabisa, kwani ukiwa moto utayeyusha siagi na biskuti zitatambaa trei nzima. Ukishapoa, upige pamoja na siagi na sukari, unga uje mwisho, na soda usiiguse.

Mvinyo gani? Usiwe mchachu wala mchungu, kwa kuwa ukikauka uchachu na uchungu vyote vinazidi. Lakini hata ununue wa bei gani, ukiumimina mbichi utapata vigae vyangu vilevile. Anza na kikombe kimoja leo, biskuti uache kwanza, ukiiona ile njia ya mwiko njoo useme hapa.